"Nyumba Hii Haiuzwi": Dalali wa Mwanza Afafanua Rehani, Notisi na Mnada

Nyasaka, wilayani Ilemela, kuna nyumba ya vyumba vinne ambayo ukutani imeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Jumamosi moja asubuhi nilipita hapo nikakuta gari lenye spika, kijana wa mnada ameshika karatasi, watu kama kumi na tano wamesimama kivulini, na nyumba inauzwa. Bibi mmoja jirani akaninyooshea kidole. "Na wewe si dalali? Mmezidi nyie, watu mtawamaliza."

Nilimwamkia, nikapita. Kumjibu pale kungekuwa kumchelewesha bure, maana jibu lenyewe ni refu.

Nianze na neno lililonipatia lawama. "Dalali" limebebeshwa kazi za watu watatu. Wa kwanza ni mimi: dalali wa nyumba na viwanja. Mwenye mali akitaka kuuza au kupangisha, ananiita, namtafutia mteja, nalipwa asilimia yangu. Asiyetaka kuuza sina la kumfanya. Wa pili ni dalali wa mnada, kampuni yenye leseni inayopewa kazi na benki kuuza mali iliyowekwa rehani. Wa tatu ni dalali wa mahakama, ambaye anateuliwa na Mahakama kutekeleza hukumu baada ya kesi kwisha. Hao wawili wakija kwako wanakuja na karatasi yenye muhuri. Mimi nakuja na bodaboda.

Neno la pili linalochanganya ni rehani. Chukua mfano wa dukani. Umeishiwa, unamwachia mwenye duka simu yako akupe unga na mafuta ya elfu kumi na tano. Simu bado ni yako, ila kaishika. Mmekubaliana usipolipa ataiuza. Akiiuza elfu hamsini, anakata kumi na tano yake, na inayobaki ni yako. Rehani ya nyumba ni hivyohivyo, isipokuwa nyumba haibebeki. Kwa hiyo benki inashika hati, kisha inaandikisha dai lake kwa Msajili wa Hati. Wewe unaendelea kulala ndani, unapaka rangi, unafuga kuku. Ila juu ya ile hati kuna jina la pili, na jina hilo halitoki mpaka deni liishe.

La tatu: "kufilisiwa". Mtaani tunasema fulani kafilisiwa na benki. Kisheria kufilisika ni jambo jingine, ni mahakama kutamka kwamba mtu hawezi kulipa madeni yake yote na mali zake zote kuwekwa chini ya msimamizi. Aliyeuziwa nyumba ya rehani hajafilisiwa. Kilichoguswa ni kile alichokitaja mwenyewe kwenye mkataba. Unaweza kuona ninachambua maneno tu, lakini nimewahi kumkuta mzee wa Mkolani amehamisha ng'ombe na friji kwa shemeji yake usiku, akiogopa benki itasomba kila kitu, wakati nyumba yenyewe ilikuwa bado na miezi ya kuokolewa.

Ziwa lina mwezi wake, benki ina wa kwake

Watu huniuliza kwa nini nyumba za minada huonekana kwa mkupuo: mwaka mzima kimya, halafu ghafla kila gazeti lina tangazo la Igoma, Buhongwa, Kiseke. Ukiishi Mwanza jibu liko ufukweni.

Wavuvi wa dagaa wanavua gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika siku kadhaa, kwa sababu mbalamwezi inaizidi taa na dagaa hawakusanyiki. Kila mtu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba anajua hesabu hiyo na amepanga maisha yake kuizunguka. Rejesho la mkopo halijui mwezi mpevu. Linakuja tarehe ileile, liwe giza liwe mbalamwezi.

Hiyo ni kwa wakati wa kawaida. Hali ikiwa mbaya kweli, mnyororo wote unalegea pamoja. Wazee wa ziwa wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria. Sisi wa karibuni tunakumbuka 2020, ndege za kimataifa zilipoacha kuruka kwa sababu ya korona na minofu ya sangara ikakosa njia. Kiwanda kikipunguza kununua, wakala anabaki na samaki. Wakala akikwama, mwenye mitumbwi halipwi. Mwenye mitumbwi asipolipwa, muuza barafu anadoda, fundi mashine anadoda, mama ntilie anarudi na sufuria imejaa, na mpangaji wa chumba cha Mabatini anamwambia mwenye nyumba "mwezi ujao". Huyo mwenye nyumba ndiye mwenye mkopo, na rejesho lake lilikuwa linatoka kwenye kodi ya huyo mpangaji.

Kwa hiyo wanaoshindwa kulipa wanashindwa kwa pamoja, na nyumba zinaingia sokoni kwa pamoja, katika miezi ileile ambayo wanunuzi nao wamejificha. Ndio ubaya wa hali mbaya ya uchumi: unalazimika kuuza wakati ambao hakuna anayelazimika kununua.

Mwanzoni benki nazo hazina haraka kama watu wanavyodhani. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa chechefu, na mikopo chechefu ikizidi, Benki Kuu inauliza maswali. Kiwango inachokiona kinavumilika ni asilimia 5 ya mikopo yote. Mwaka 2017, enzi za "vyuma vimekaza", fedha zilipokuwa ngumu mifukoni, mabenki nchini kwa ujumla yalivuka asilimia 10, na tuliokuwa kwenye kazi hii tuliona matangazo ya minada yalivyofuatana. Benki haipati faida kwa kuuza nyumba yako. Inapata faida ukilipa riba miaka kumi bila kelele. Ndiyo maana ndani ya zile siku 90 afisa mikopo bado anapokea simu zako, na bado kuna mlango wa kupangiwa upya mkopo: kuongezewa muda, kupunguziwa rejesho, kulipa riba tu kwa miezi kadhaa. Mwaka 2020 Benki Kuu yenyewe iliruhusu mabenki kulegeza masharti kwa waliokumbwa na korona, kwa kumtazama kila mkopaji na hali yake. Waliofaidika ni wale waliokwenda kuomba.

Wengi hawaendi. Nimekaa na watu wazima, wenye maduka na magari, ambao walizima simu miezi minne kwa aibu. Wanaonipigia mimi wakiwa tayari wana notisi mkononi ni wengi mno kuliko wanaonipigia kabla.

Notisi mpaka nyundo

Hapa ndipo uzushi ulipojaa, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Sheria ya Ardhi, ile Sura ya 113 iliyotungwa mwaka 1999 na kurekebishwa sehemu ya rehani mwaka 2004 na 2008, inamtaka mkopeshaji amwandikie mkopaji notisi ya kushindwa kulipa. Notisi inaeleza kosa ni nini na kiasi gani kinadaiwa, na inasema siku 60 zikipita bila kulipwa, deni lote linaiva na mkopeshaji anaweza kuuza. Soma tena: deni lote. Si rejesho la miezi mitatu uliyokosa, ni salio zima. Mtu aliyezoea kudaiwa milioni moja na nusu kwa mwezi anashtuka kuona milioni arobaini na tano.

Baada ya hapo benki haihitaji kwenda mahakamani. Hili ndilo watu hawaliamini. "Hawawezi kuniuzia bila hukumu," wanasema, na wanakaa wakisubiri samansi ambayo haiji kamwe. Mkataba wa rehani uliousaini ndio unaoipa benki mamlaka ya kuuza. Anayekwenda mahakamani kwa kawaida ni mkopaji, kuomba zuio, na atapaswa kuonyesha kwamba kuna jambo halikufuatwa. "Hali ngumu" peke yake mahakama inaisikiliza kwa huruma na kuikataa kwa maandishi.

Uvumi huo una chanzo chake lakini. Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 48, inakataza kukamata nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake ili kutekeleza hukumu ya kawaida ya madai. Yaani ukishindwa kesi ya kumlipa mtu aliyekuuzia nyavu, dalali wa mahakama hawezi kuiuza nyumba unayolala na watoto wako. Mtu anasikia hivyo redioni, anaibeba hadi kwenye mkopo wa benki. Huko haifiki. Nyumba uliyoiweka rehani kwa hiari yako umeshaitoa kwenye kinga hiyo.

Kabla ya mnada wa ardhi au nyumba, Sheria ya Madalali inataka tangazo la hadharani la siku zisizopungua 14. Linatakiwa kuwa kwa Kiswahili pia, na lifanywe kwa njia inayoeleweka hata na asiyejua kusoma. Ndiyo maana gari la matangazo linapita mtaani na spika yake. Familia nyingi huona lile gari ni udhalilishaji wa makusudi. Aibu ipo, sikatai, ila lile gari lisipopita, hiyo ni moja ya hoja za kwanza wakili wako atakazoshika.

Na mpaka nyundo inapogonga, bado unaweza kulipa deni ukaikomboa nyumba. Nimeona mnada wa Buswelu ukisimamishwa saa nne kasoro kwa sababu mtoto wa mwenye nyumba alituma fedha kutoka Geita. Dalali wa mnada alikunja karatasi zake akaondoka, akionekana kama mtu aliyenyimwa chakula.

Ukuta wa Nyasaka, basi? Maandishi ya "haiuzwi" ni dawa ya ugonjwa mwingine. Yanawazuia matapeli na ndugu wenye tamaa wasiiuze nyumba wakati mwenyewe yuko safarini au mirathi ya marehemu haijagawanywa. Benki iliyoandikishwa kwa Msajili haisomi kuta.

Kukataa kupokea notisi nako ni kinga mbovu; barua iliyopelekwa kwenye anwani uliyoiandika mwenyewe kwenye mkataba ina uzito wake hata kama umeirudisha kwa dharau. Na ile laki tatu unayoingiza kwenye akaunti usiku wa kuamkia siku ya 60 inapunguza deni, haisimamishi notisi, labda kama mmeandikiana.

Kinachowatesa mabenki kweli ni saini ya mwenza. Nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mke au mume, na mkopeshaji anatakiwa kuchukua hatua za kutosha kujua kama mwombaji ana mwenza. Wako waume wanaokula kiapo kwamba hawajaoa, na mke yuko nyumbani anakoroga ugali. Mke wa namna hiyo ana kesi. Lakini awahi. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema bila kujua kasoro analindwa na sheria, na mara nyingi aliyedhulumiwa anaishia kuidai benki fidia, nyumba imeshakwenda.

Hesabu ya kuuza mwenyewe

Sasa nakuja kwenye upande wangu, na nikiri mapema: ukiuza mwenyewe kupitia mimi, nalipwa. Pima maneno yangu kwa mizani hiyo. Kisha tazama hesabu, ni ya mfano tu.

Nyumba ya Igoma, thamani ya soko milioni 80. Salio la mkopo milioni 45. Siku unapopata notisi unakwenda benki, unasema nataka kuuza mwenyewe, nipeni nafasi. Tunapata mnunuzi wa milioni 74, kwa sababu hali ni ngumu na anajua una haraka. Deni na riba iliyoongezeka ni milioni 47. Mimi nachukua asilimia 5, milioni 3.7. Unabaki na milioni 23.3, ukiweka kando kodi na ada za uhamisho.

Ukikaa kimya nusu mwaka, riba na adhabu zimelifikisha deni milioni 52. Nyundo inagonga milioni 62. Gharama za mnada, tuseme milioni 4. Kinachobaki ni milioni 6. Nyumba ni ileile, mvua haijaibomoa.

"Lakini milioni 62 ni wizi!" Sheria haisemi hivyo. Inamtaka mkopeshaji apate bei nzuri kadiri inavyowezekana, na bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Robo ya 80 ni 20. Milioni 62 imekaa juu ya mstari. Ripoti ya mthamini huwa na tarakimu mbili, thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka, na mkopaji mara nyingi anakumbuka ile ya kwanza tu.

Kinachobaki baada ya deni na gharama ni chako, benki haikimezi. Bei isipotosha deni, salio linaendelea kukufuata, na jina lako linabaki kwenye kumbukumbu za wakopaji ambazo kila benki inazichungulia.

Ugumu wa kuuza nyumba yenye rehani ni hofu ya mnunuzi: nitatoaje hela wakati hati iko benki? Dawa ni kuketi watatu palepale tawini. Fedha inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki inaandika barua ya kuifuta rehani na kuachia hati, salio linakwenda kwa muuzaji. Dalali anayekwambia tumalizane kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, benki tutaiambia baadaye, mkimbie. Hata kama ni mimi.

Wanaosubiri bei ianguke

Kuna kundi jingine linalonipigia, lenye fedha. "Ukiona za mnada nistue, nasikia sasa hivi zinatolewa bure." Wengi wamechukua picha hiyo kutoka Marekani baada ya 2006, bei za nyumba zilipoporomoka takriban theluthi moja na mitaa mizima ikabaki na mabango. Kule nyumba nyingi zilinunuliwa kwa mkopo wa miaka mingi, kwa hiyo mikopo ilipooza, nyumba zilioza nazo.

Mwanza haijajengwa hivyo. Tazama vilima vya Isamilo au Mabatini: nyumba zimepanda juu ya mawe tofali kwa tofali, leo tripu ya mchanga, mwakani bati. Wengi wa wenye nyumba hawadaiwi na mtu. Hali ikiwa mbaya, hawauzi kwa bei ya kutupa, wanafunga geti na kungoja. Kwa hiyo kwetu bei haianguki kwa kishindo; kinachonyamaza ni simu yangu. Wanaolazimika ni wachache wenye rehani, na hao wachache hawatoshi kushusha bei ya mtaa mzima.

Na nyumba ya mnada ina deni lake lisiloandikwa. Matangazo mengi yanataka asilimia 25 papo hapo nyundo ikigonga na iliyobaki ndani ya siku 14. Ukishindwa, umeipoteza ile robo. Ukifaulu, ndani kuna familia ambayo haijakubali, au wapangaji waliolipa mwaka mzima. Kuna kodi ya ardhi ya miaka ya nyuma. Kuna kesi ambayo itakukuta umeshanunua vigae. Nuksi na mikosi siijui, kesi naijua.

Karatasi isiyoitwa rehani

Yote niliyosema yanamhusu mkopeshaji anayefuata sheria. Siku hizi nyumba nyingi ninazoona zikipotea hazikupitia benki wala mnada. Zimepitia kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani mwenye riba ya kunyonya.

Anakupa milioni tano leo, jioni hiyohiyo mnakwenda kuandikishana. Karatasi haiitwi mkopo, inaitwa Mkataba wa Mauziano ya Nyumba: umemuuzia kwa milioni nane, na "umeomba" kukaa miezi mitatu. Mashahidi wapo, muhuri upo. Miezi mitatu ikiisha haji na notisi ya siku 60, haji na tangazo la siku 14, wala hakuna mthamini. Anakuja na kufuli, kwa sababu kwenye karatasi yeye ni mnunuzi na wewe ni mpangaji uliyezidisha muda. Kuithibitishia mahakama kwamba mauziano yale yalikuwa mkopo kunawezekana, ila ni kazi ya miaka na wakili. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kibiashara anatakiwa kuwa na leseni. Muulize. Akikasirika, umepata jibu.

Na ukiwa unakopa, halafu ukaona neno "mauziano" juu ya karatasi, weka kalamu chini.

Mwaka juzi mama mmoja wa Igoma alinipigia siku ya kumi na mbili ya notisi. Nyumba aliiweka rehani kwa ajili ya mdogo wake wa mitumbwi, nyavu zikaenda, mdogo naye akaenda. "Shikamoo mama," nikamwambia. "Marahaba. Sikuiti uje kuniuzia, nataka unipe mawazo." Alilia, akanifukuza, akaniita tena baada ya siku tatu. Tuliketi benki yeye, mnunuzi na afisa. Alibaki na fedha ya kiwanja na vyumba viwili kule Kisesa, na hadaiwi na mtu. Tukikutana sokoni Igoma nikimwamkia ananiitikia, kisha anageukia nyanya zake.